Mkono wa Baba

Clifden, Jumapili

Kaka Feichín,

Hapa tu wazima. Mvua haijakata tangu Jumatano, na binti wa dada yetu Nóra kashinda mashindano ya kucheza dansi, tena kwa viatu vya kuazima.

Baba naye alikwenda kwenye tamasha la nyimbo, kule baani. Nilimkataza, akanifokea: "Bairbre, mimi nilianza kuimba kule kabla hujazaliwa!" Baa ilijaa pomoni. Wapiga fidla wakanyamaza, Baba akafumba macho, akaanza ule wimbo wake wa wavuvi waliozama.

Ubeti wa tatu ukampotea.

Hakuna aliyethubutu hata kuinua glasi. Jirani yetu Peadar akamwambia taratibu, "Pole pole, Máirtín, hatuna haraka." Baba akabaki kinywa wazi, jasho linamtoka. Kisha akanyoosha mkono pembeni, mkono uleule uliokuwa ukiushika wewe na kuuzungusha kila alipoimba, kama ilivyo desturi ya waimbaji wa kwetu. Tangu mgombane hajamruhusu mtu mwingine kuushika. Nami nikaushika, nikauzungusha kama ulivyokuwa ukifanya.

Maneno yakarudi. Akaimba hadi mwisho, watu wakashangilia, naye akanigeukia akitabasamu.

"Umechelewa, Feichín. Twende nyumbani, mama yako katuwekea chai."

Mama tuliyemzika miaka sita iliyopita, nawe hukuja.

Usijidanganye kwamba amekusamehe. Amesahau tu kwamba mligombana. Panda ndege uje, kabla hajalisahau na jina lako.

Mimi mdogo wako, niliyeitikia kwa jina lako,
Bairbre