Pini ya Ukurasa wa Sita

Northampton, 12 Juni 1966

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kiwandani ngozi ya viatu imenikausha vidole.

Kaa kitako kwanza. Nimenunua gari. Gari la michezo, jepesi, watu wawili tu, halina paa wala milango. Limekuja vipande vipande kwenye makasha na mimi ndiye fundi. Usianze kulia. Nina miaka ishirini na mitatu. Nisipolinunua sasa nitalinunua lini, nikiwa na mvi?

Jambo moja la kuchekesha. Karatasi zinazokuja nalo hazifundishi kuliunga. Zingefundisha, serikali ingelihesabu gari kamili na kulitoza kodi. Kwa hiyo zinafundisha kulivunja, nasi tunazisoma kinyumenyume, kutoka mwisho kuja mwanzo. Verity, msichana wangu, anasema sisi Waingereza tuna akili za panya. Nadhani nitamwoa.

Mwanao, Alwyn


Ludlow, 20 Juni 1966

Mwanangu Alwyn,

Marahaba. Goti ni lile lile. Barua yako nimeisoma nimesimama, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Nimekwenda kuliona gari la namna hiyo kwa muuzaji wa Hereford. Mwanangu, ukikaa ndani unaweza kugusa lami kwa kiganja! Nikamuuliza yule bwana, likigongwa je? Akacheka. Basi nami nimenunua moja. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wakati wa vita nilikaza bolti za ndege za kivita miaka mitatu, na nina miaka arobaini na saba, sijawahi kuwa na gari langu. Nikiunga kama lako kwa mikono yangu nitajua umekalia nini. Bora kuogopa ninachokijua.

Bwana Pugh wa jirani ameyaona makasha. "Enid, humo utaingia kwa miguu au kwa winchi?" Nikamwambia aje ashike taa badala ya kuchezesha mdomo. Anakuja kila Jumapili.

Kaza kila kitu mara mbili.

Mama yako


Ludlow, 6 Agosti 1966

Alwyn,

Salamu baadaye. Usiliendeshe hilo gari.

Leo nimekagua kazi yangu upya. Juu ya ukurasa wa saba wanasema fungua nati ya tairodi, ule mkono unaovuta gurudumu unapozungusha usukani. Kwa kinyume, nikaikaza. Kinachofuata kiko mstari wa mwisho wa ukurasa wa sita: toa pini inayozuia nati isijifungue. Lakini mkono ulipogeuza karatasi, macho yakaenda juu kwa mazoea, kama mtu anayesoma gazeti. Mstari wa chini nikauruka. Nati mbili, hakuna pini hata moja, na mimi niliwahi kusifiwa na wakaguzi wa ndege. Bila pini nati inalegea kidogo kidogo, halafu siku moja unakata kona na gurudumu linakwenda linakotaka.

Kama mimi nimekosea, wewe je, uliyemaliza kwa wiki tano?

Telegramu nimekutumia pia. Nijibu leo leo.

Mama yako


Hunstanton, 8 Agosti 1966
(postikadi)

Shikamoo mama. Likizo ya kiwanda, tuko baharini tangu Ijumaa. Tumekuja maili themanini kwa saa! Usukani unatetemeka kidogo kwenye kona, Verity anasema ndio utamu wenyewe. Kesho tunakwenda Cromer. Bi. Tarrant mwenye nyumba ananiwekea barua hadi turudi. Mwanao.


Ludlow, 10 Agosti 1966

Mwanangu,

Sijui niandike kwa anwani gani. Postikadi yako imefika, na hilo neno "unatetemeka" nimelisoma mpaka wino umefutika. Nimepiga simu polisi wa Cromer. Wamesema magari ni mengi. Jikoni nimetia chumvi kwenye kastadi badala ya sukari. Naogopa kila mlango unapogongwa.

Mama


Northampton, 14 Agosti 1966

Mama,

Nisamehe. Tumerudi jana, nikakuta barua na telegramu yako chini ya mlango. Nilitoka na taa. Pini hazikuwepo. Nati ya kushoto niliitoa kwa vidole, mama, kwa vidole viwili, na ilikuwa imebakiza mzunguko mmoja tu idondoke. Nimetapika penye mawaridi ya Bi. Tarrant.

Verity sijamwambia. Kila akicheka natazama shingo yake, nafikiria zile kona.

Pini nimezitia. Nimezitazama asubuhi, mchana na jioni. Lakini kuliwasha siwezi. Nikikaa nyuma ya usukani nashuka tena.

Mwanao


Ludlow, 4 Septemba 1966

Mwanangu,

Barua yako ya mwezi uliopita ilipofika nililia, nikanawa, nikala mayai matatu. Mungu ni mkubwa.

Langu limesajiliwa. Nakuja nalo Jumamosi, natoka saa moja asubuhi, saa saba niko kwako. Nami naogopa, usidhani siogopi. Mwambie Verity habari ya pini kabla sijafika; asiisikie kwangu.

Mama yako


Northampton, 10 Septemba 1966

Mama,

Naandika nikiwa kizingitini, maana mikono ikikaa bure naumia. Verity nimemwambia. Amenipiga kofi, halafu akalia, halafu akaenda kutuandalia chai kwao.

Saa nane. Hujafika. Mvua imeanza.

Saa tisa u nusu. Kila injini nasimama. Limepita lori la maziwa. Kumbe hivi ndivyo ulivyokaa wiki nzima, na mimi nala aiskrimu Cromer.

Saa kumi na robo. Polisi ameshuka baiskeli, anasoma namba za nyumba. Mama, sitaki afike hapa.

Amekwenda sasa. Nimemshika mkono mpaka ameutoa mwenyewe. Amesema mkanda wa feni ya injini umekukatikia karibu na Lutterworth, nawe umekaa ukingoni mwa barabara chini ya turubai, mzima, na umeomba mwanao alete mkanda mwingine.

Mkanda ninao. Basi la Lutterworth limeshaondoka. Gari lipo moja tu hapa.

Nimechungulia pini tena. Zipo. Nabandika karatasi hii mlangoni, endapo mtu atakupakia tukapishana njiani. Naogopa, mama. Subiri hapo hapo, nakuja polepole.

Mwanao