Kifungo cha Juu: Kumkumbuka Fundi Wetu wa Mashati

Ni mwaka mmoja sasa tangu utundike futi yako ya kupimia kwenye msumari wa mlangoni, ukasema utarudi kuichukua. Hatukuigusa, Fundi wetu.

Kabla ya kukanyaga cherehani ulisali kwanza. Na hukumruhusu mteja atoke na kola inayombana. "Shati ni la kuvaa, si la kumnyonga mtu," ulisema, pini zikiwa mdomoni.

Daktari alipokueleza kwamba uvimbe kwenye tezi ya shingo yako ni saratani ya kurithi, ulirudi nyumbani ukafungua daftari la vipimo. Mama yako, kisha kaka yako: wote wawili walikujia uwapanulie kola zilizowabana, miezi michache kabla ya kulazwa na kufariki. Sisi tulizoea kusema ukoo una mkosi. Wewe ukasema, "Hii ni damu, na damu hupimwa."

Ukatuita sote sebuleni, ukatutaka tukapimwe. Shangazi akagoma.

"Mimi siumwi. Nipimwe nini?"

"Dada, wewe hata gauni hukubali kushonewa bila kupimwa. Damu yako ndiyo ya kukisia?"

Akacheka, akatafuta viatu vyake. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Shangazi alikutwa salama. Mwanao mkubwa pia. Kitindamimba wako, wa miaka tisa, ndiye aliyerithi. Siku hiyo ulilia. Lakini tezi yake ilitolewa mapema, kabla ugonjwa haujaanza kusambaa. Kwako ulikuwa umeshasambaa, nawe ulijua. "Mungu amenionyesha mlango," ulituambia. "Ninyi piteni."

Amepita, Baba. Wiki hii tumerudi kliniki, na majibu yake ni safi. Anameza kidonge chake kila asubuhi bila kukumbushwa. Kovu lake ni jembamba na limenyooka. Ungelikagua kama mshono, ukaridhika.

Tulipofika nyumbani, Mama aliishusha futi yako kwa mara ya kwanza, akampima shingo kwa ajili ya sare mpya ya shule. Kola imemkaa sawasawa. Kaifunga mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wawili, dada yako asiyekosa tena kliniki, shemeji zako, na wateja ambao bado wanapita mlangoni kukuulizia. Mungu akulaze pema.

Daima tutakukumbuka, kila tufungapo kifungo cha juu.