Ua la Kofia ya Baba

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kama kaka Hemedi kafuata nilivyomwagiza, basi barua hii imekufikia pamoja na mkate wa kumimina wa jirani yetu Bi Asha, tena kipande kimoja ushakula. Kula kwanza, mama. Mkono mtupu haulambwi, nami leo nna haja kwako. Haja yenyewe nitaisema mwisho, maana nikiisema sasa hivi utaiweka barua chini uende ukanikasirikie jikoni.

Vipi goti? Na macho? Hemedi kaniambia kuwa miwani mipya huivai, umeigeuza ya kuzuilia karatasi zisipeperuke. Ivae, mama. Mimi mzima wa afya, alhamdulillahi. Baridi ya Rotterdam imenizoea, mimi ndiye bado sijaizoea. Nnavaa soksi mbili mbili, na chai ya tangawizi nnaipika kali mpaka wenzangu ofisini wanakohoa kwa harufu tu.

Sasa nikueleze kazi yangu. Najua hapo Mtoni watu wakikuuliza binti yako anafanya nini Ulaya unawajibu "anafanya kompyuta", na mazungumzo yanaishia hapo. Basi leo upate cha kuwaringia. Ofisi yetu inapanga zana za kidijitali watakazozitumia watu wa sanaa miaka ijayo: waimbaji, wachoraji, wafumaji, washonaji. Sisi hatutengenezi. Sisi tunapanga nini kitengenezwe, nini kisitengenezwe, na kwa sharti gani. Kwenye meza ile tupo watu kumi na mmoja, na mwenye mtandio kichwani ni mimi peke yangu. Mwanzoni nilikuwa nakaa kimya kama bi harusi. Siku hizi nikikohoa tu wanageuka kunisikiliza.

Tunachokishughulikia zaidi ni mashine za akili mnemba. Unaionesha mashine picha za kazi ya mtu, inajifunza, halafu inachora yenyewe kazi nyengine mpya za mtindo ule ule. Mkuu wetu, mama mmoja mrefu aitwaye Anneke, alitutaka kila mmoja alete kazi za kwao tuzijaribu, ili tujue tupange vipi. Mimi nikaleta kofia. Ningeleta nini tena? Nimelelewa barazani kwa washona kofia, ijapokuwa vitobo vyangu ulisema vimetobolewa na panya, si sindano.

Picha nilizipiga Idi iliyopita nilipokuja. Zile kofia za viua ulizokuwa unazipeleka sokoni Darajani, ulizipanga mkekani mwenyewe nizipige. Lakini mama, nilipiga na nyengine. Ulipokuwa jikoni unaangalia biriani, nilifungua sanduku nikaitoa kofia ya marehemu baba, ile uliyomchorea mwaka mliooana, ukaapa kuwa ua lake halitokaa juu ya kichwa cha mwanamme mwengine. Nikaipiga juu na pembeni, nikaifunga kwenye kitambaa chake kama nilivyoikuta. Nilijiambia naipiga iwe kumbukumbu. Na ilikuwa kweli, mpaka siku niliyoitia kwenye mashine.

Siku ya kuonesha chumba kilijaa. Mashine ikazimeza picha, na kabla sijamaliza kujifuta jasho ikatoa kofia arubaini ukutani, zote zina ua la baba, hili kubwa, hili dogo, hili limepinduliwa. Moja ikavishwa kijana wa kuchorwa, anacheka. Watu wakapiga makofi. Nami sikufichi, kifua kilinijaa. Nikasema moyoni, waone, haya ndiyo mambo ya kwetu. Kisha nikamtazama vizuri yule kijana. Si baba, wala hafanani naye, na ua la baba liko juu ya paji lake.

Anneke akauliza mchoro ni wa nani, apate kuandika. Jawabu rahisi lilikuwa liko mdomoni: ni wa asili, wa Zanzibar, wa wote. Nikaiona sura yako.

"Ni wa mama yangu," nikasema, "na sikumuomba."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hivyo nikaona bora niendelee mpaka mwisho. Nikawaeleza kuwa kwetu mshonaji akiupenda mchoro wa mwenziwe hauchukui tu. Anakwenda kwa miguu yake, anapiga hodi, mkononi ana kitu, anakaa, anaomba. Na akipewa hubadilisha ua moja, ijulikane nani kazaa na nani kalea. Nikawasimulia na ya Bi Asha, anisamehe. Vile alivyoichungulia kofia yako Darajani akaishona kimya kimya, nawe ukamnunia tangu Mfungo Mosi mpaka Maulidi, mnapishana uchochoroni kila mmoja anatazama ukuta wake. Mpaka alasiri ile alipokuja na sinia la mkate wa kumimina, akakaa chini bila ya kukaribishwa, akasema, "Nimekuja kuomba nilichokwisha kukichukua." Ulijitahidi kukaza uso, ukashindwa, ukacheka mpaka ukapaliwa. Ukampa, na ua la kubadilisha ukamchorea wewe mwenyewe.

Bwana mmoja akasema utaratibu huo utachelewesha mambo. Nikamwambia kofia moja kwetu hushonwa miezi, na hajafa mtu kwa kuingojea. Wakacheka, lakini kalamu zikaanza kuandika. Tulibishana siku tatu, mama. Mimi, mtoto wa Mtoni, nnabishana na watu wenye vitabu vyao, na wala sauti hainitetemeki. Mwisho likaandikwa sharti, tena la mwanzo kabisa katika mpango mzima: mashine haitojifunza kazi ya mtu mpaka mwenyewe aombwe, akikataa, basi, akikubali kisha akajuta, itolewe. Na sharti hilo wamelipa jina la Kiswahili, Hodi. Wallahi, Mzungu mtu mzima anasimama mbele za watu anauliza, je, tumepiga hodi? Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, nikanawa uso, nikarudi kukaa pahala pangu. Baraza yako imo kwenye mpango wa miaka ijayo, mama. Waambie wanaouliza.

Kofia ya baba niliitoa mashineni siku ile ile. Na zile arubaini zimefutwa, nimesimama pale mpaka ya mwisho. Mwezi ujao mpango unatangazwa mbele ya wageni, na Anneke angependa picha ya kofia ile ndiyo ioneshwe ukutani, jina lako limeandikwa chini yake. Bila ya idhini yako ukuta utabaki mtupu, nami nitasimama nieleze kwa nini ni mtupu. Nimemwambia hivyo, na kakubali.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili haliombwi kwa simu, na likizo sina mpaka Ramadhani. Ndio maana nimeandika kwa mkono wangu, mwandiko wenyewe ndio huo, kama vitobo vyangu.

Nisalimie Hemedi na mkewe, na wale watoto wao wanaonifichia viatu kila nnapokuja. Bi Asha mwambie kisa chake kimefika Ulaya, lakini asivimbe kichwa akaja kukosa kofia ya kumwenea. Na shangazi Mwanaidi wa Kizimkazi mpe salamu zangu nyingi, ila ya kofia usimwambie mpaka uamue wewe. Baba ni kaka yake, najua, lakini ua ni lako.

Sasa mama, nichukulie kama nimesimama mlangoni, viatu nishavivua. Mkate uko mbele yako. Ukisema hapana, nitaipokea kwa mikono miwili, na sanduku sitolifungua tena bila ya wewe kuwepo.

Hodi, mama. Nimekuja kuomba nilichokwisha kukichukua.

Mwanao Zuhura,
bado niko mlangoni.