Betri Juu ya Bati

Kharumwa, Jumanne

Betri chakavu za simu, ninazokusanya machimboni zipelekwe Mwanza kwa wanaozirejeleza, leo nimezikuta juani juu ya bati. Mama mkwe kazianika zipate nguvu, kama walivyokuwa wakifanya zamani na betri za redio. Nyingine zimevimba kama maandazi.

“Mayu,” nikamwambia mama mkwe, “hizi zinalipuka.”

“Nilitaka kukusaidia, Mama Kabula.”

Nimezifukia kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba. Mabasi yanakataa kuzibeba, na mimi nalala nazo hapa hadi lini sijui.

Ila redio ndogo ya mama mkwe, ya aina inayotumia betri ya simu, iliyokuwa kimya wiki nzima kwa kukosa betri, sasa inaimba chumbani kwake. Mwanangu Kabula analala humo.

Ngoja nikaizime kwanza