Bomba la Maabara Mpya

Jumanne, Newala

Nusura nisaini mkataba wa kupanga leo. Kampuni yetu inaotesha kuvu wa kuua wadudu wa mikorosho, na chumba chetu kimoja hakitutoshi tena. Meneja wa kituo cha utafiti akatuonyesha maabara mpya: vigae, ofisi mbili, kiyoyozi.

Mama Somoe, anayetuoshea vyombo vya maabara, akafungua bomba. Halikutoa hata tone.

"Kisima cha kukingia maji ya mvua kiko wapi, baba?"

"Maji yataletwa, mama."

"Sisi kule kijijini Kitangari tunachimba kisima kwanza, nyumba baadaye."

Kweli. Bila maji ya kuoshea na kuchemshia vyombo, kuvu wote wataharibika.

Lakini kinachoniuma ni mimi, niliyekua nikipanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Bomba lile sikuligusa. Nilikuwa nimesimama chini ya kiyoyozi, nimefumba macho.