Ndege ya Mbao na Mkono wa Kulia

Jumatatu, 1 Septemba

Mbavu nne za bawa la kushoto. Gundi, pini, subiri. Gundi, pini, subiri. Mkono wa kulia umeangusha pini mara sita. Wiki iliyopita nilifika thelathini nikaacha kuhesabu.

Sista Paskalina wa mazoezi ya viungo pale hospitali anataka niandike kila ninapoweza, kwa mkono huohuo. Hakusema niandike nini. Basi naandika ndege. Hakuna kingine kinachoendelea hapa nyumbani.

Jumatano, 3 Septemba

Bawa la kushoto limekwisha. Nimeanza la kulia.

Niweke mambo wazi, maana huenda siku moja nikasahau. Kiharusi kilinipata mwezi wa pili, nikioga, asubuhi ya kwenda kuchukua wageni. Daktari alisema ni kidogo. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi. Mkono umerudi nusu: unanyanyuka, unashika, una nguvu, ila hausikii kitu. Maji ya moto, barafu, sindano, vyote kwake ni kimoja. Ganzi kutoka kiwiko mpaka kuchani.

Ndege ilitumwa na mgeni mmoja, mzee, niliyemwendesha siku nane mwaka juzi. Alisikia habari zangu ofisini akatuma boksi. Ni ndege ya kuunda mwenyewe, ya kurusha kwa rimoti. Mbao zake nyepesi kama bisi. Maelekezo kurasa arobaini. Mke wangu, Mama Elia, alifungua boksi akidhani ni dawa.

Tarehe 26 bosi ananipima kwa gari. Nikipita, narudi kwenye gari langu, namba tatu. Nisipopita, gari linabaki kwa Neema, yule binti wa Mbulu anayenishikia. Miaka ishirini na mbili nimeshusha wageni kreta kuona wanyama. Kazi nyingine siijui. Ningetakiwa kuwa na hofu. Sina. Sina chochote.

Jumamosi, 6 Septemba

Lazaro kaja. Tulianza naye wiki moja, tukiosha magari. Sasa ndiye mkubwa wa madereva. Kakaa saa mbili, kanywa chai vikombe vitatu, kaigusa ndege akavunja ubavu mmoja. Kasema itapona.

Kaleta habari mbili. Ya kwanza, kazungumza na bosi: kipimo ni lami tu, kutoka ofisini mpaka geti la hifadhi na kurudi. Hakuna kreta, hakuna vumbi. "Kaka, hapo hamna mtihani, ni matembezi."

Ya pili ni ile desturi yetu. Dereva wa kampuni akitoka ugonjwa, siku ya kurudi anashuka kreta wa kwanza. Wenzake wote wanasimama juu Seneto, pale mteremko wa kreta unapoanzia, na wageni wao mpaka afike chini, ndipo wanafuata. Hata mwenye haraka anasimama. Mimi mwenyewe nimesimama hivyo kwa ajili ya wanne. Kwangu wamepanga Jumatatu ya tarehe 29. Kila mtu ameshaambiwa.

Nikamshukuru. Mama Elia alicheka, kicheko chake cha zamani. Akatoa shati langu la kazi kabatini, akalining'iniza nyuma ya mlango. Wote wana furaha. Mimi nilikuwa nafikiria ubavu uliovunjika.

Jumanne, 9 Septemba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Mabawa yote mawili tayari, kilichobaki ni kuyavisha plastiki nyekundu, ile inayobandikwa kwa pasi. Maelekezo yanataka joto la kadiri. Nikachukua pasi ya mkaa ya mama mkwe. Akili za dereva wa porini: ukikosa hiki, unafunga kile. Plastiki ikajikunja, ikatoboka sehemu mbili. Nikapunguza mkaa, nikaendelea.

Halafu harufu. Nikadhani mbao inaungua. Nikainua bawa, nikakagua chini, nikaona zima. Mama Elia akatoka jikoni akapiga ukelele. Kidole changu kidogo cha kulia kilikuwa kimeegemea ubavu wa pasi. Sijui tangu saa ngapi.

Alikimbilia maji. Alilia huku akikifunga kitambaa. Nilimtazama akilia. Nilitaka kumwambia pole, nikajisikia nikisema plastiki imebaki kidogo, itabidi nibane.

Alhamisi, 11 Septemba

Hospitali. Sista Paskalina kasafisha kidole, kauliza kimefanywa na nini. Nikasema pasi. Hakuuliza kama niliisikia.

Akanipima. Bana mpira. Okota vifungo. Funga kamba za kiatu. Nimefanya vyote, haraka kuliko mwezi uliopita. Kafurahi sana. Kaandika barua ya ofisini: maendeleo mazuri, mgonjwa anaweza kujaribiwa kazini. Kagonga muhuri. Nimeikunja nikaitia mfukoni, nikapita sokoni kununua gundi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada. Mabawa yameungwa na kiwiliwili. Mota imeingia puani, betri tumboni. Pua ilikuwa nyepesi, ndege inakaa mkia chini. Nikabandika vipande vya risasi vya kusawazishia tairi, nilivyokuwa navyo kwenye debe la vifaa. Sasa ukiishika kwa ncha za vidole chini ya mabawa, inalala sawa. Kazi nzuri. Naisema kwa sababu ni kweli, siyo kwa sababu nimeifurahia.

Rimoti ina vijiti viwili. Kidole gumba cha kushoto ni kasi na usukani wa mkia. Cha kulia ni kulalia upande, na kuinua au kushusha pua. Nimejaribu mezani. Nasogeza kijiti kidogo, bawa linajibu kidogo. Nasogeza sana, linajibu sana. Kidole gumba cha kulia kinatii kila kitu. Nimekaa nikikitazama zaidi ya nusu saa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeziba matundu ya plastiki kwa gundi ya karatasi. Imejaa viraka kama suruali ya fundi. Mama Elia kauliza inaitwaje. Haina jina. Kasema hata ng'ombe wa kuuzwa huwa na jina.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa moja asubuhi. Upepo haujaanza. Tumekwenda kwenye shamba la ngano la jirani huku Ganako, limeshavunwa, mabua matupu mpaka msituni. Ng'ombe wa watu wako upande wa pili wanakula mabua. Mama Elia kabeba ndege, mimi rimoti. Ndiye aliyeirusha kwa mkono, kama maelekezo yanavyosema.

Ikapaa. Sikutegemea. Ikapanda mpaka juu ya miti, nyekundu, inalia kama nyuki. Mama Elia akapiga vigelegele peke yake katikati ya shamba. Nikaiacha iende mbele, nikaamua kuigeuza kulia, taratibu.

Ikalala ubavu mzima. Nikarudisha, kumbe sikurudisha. Ikageuka tumbo juu, ikashuka pua chini. Nikatazama mkono. Kidole gumba kilikuwa kimesukuma kijiti mpaka mwisho, na kilikuwa kinaendelea kusukuma. Nilikuwa na hakika nimekiachia.

Bawa la kulia limevunjika mara tatu. Ng'ombe hawakunyanyua hata vichwa. Mama Elia kaokota vipande vyote, kavitia kwenye kanga, kasema mabua yameipokea vizuri, ingekuwa barabarani isingebaki kitu.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda ibadani. Nimekaa mezani na rimoti, bila ndege. Nikitazama kidole, kinafanya ninachotaka. Nikitazama dirishani, sijui kiko wapi.

Aliporudi nikamwomba Mama Elia anisaidie jambo. Nikafumba macho, nikanyoosha kiganja. Weka kitu au usiweke, nikamwambia, mimi nitasema. Nikangoja. Nikasema hujaweka kitu. Nikafumbua. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa akiba wa namba tatu, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa juu ya vyangu.

Tukarudia mara kumi. Sikupata hata moja kwa kujua.

Basi ndivyo ilivyo. Mkono huu unafanya kazi ukitazamwa. Sista anaupima nikiutazama. Ndege nimeiunda nikiutazama. Haya ninayoandika, nautazama. Lakini dereva anatazama barabara. Usukani wetu uko kulia, gia iko kushoto. Kila nikibadilisha gia, mkono wa kulia unabaki peke yake na usukani. Pale Seneto, kona kwa kona, upande mmoja ukuta na upande mwingine hakuna kitu, nitabadilisha mara ngapi?

Mama Elia kauliza utasema? Nikasema sijui.

Jumatano, 24 Septemba

Sijasema. Hajauliza tena. Kapiga pasi shati upya, kwa umeme, ingawa lilikuwa limenyooka.

Bawa nimelitupa jalalani. Sitalijenga tena.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimepita.

Bosi kakaa kushoto kwangu, Lazaro nyuma. Lami, jua, malori machache. Bosi alikuwa kwenye simu karibu njia yote, mambo ya chakula cha wageni. Nilikuwa naibia jicho mkono kila nilipoweza. Tukiwa tunapanda kuelekea getini, lori likatoka kona ya juu. Nikashusha gia. Nilipoinua macho kutoka kwenye gia, gari lilikuwa limeshavuka mstari. Mkono ulikuwa umelegea na mimi sikuambiwa. Nikarudisha kwa mikono yote miwili. Lori likapiga honi, likapita.

Bosi kasema hawa wa malori hawana adabu. Akarudi kwenye simu. Niliyaona macho ya Lazaro kwenye kioo.

Ofisini bosi kanishika mkono. Huohuo. "Karibu kazini, Baba Elia." Wote wakapiga makofi. Neema alinipa ufunguo mkubwa kwa mikono miwili, kwa heshima. Ndani ya gari alikuwa ameacha pasafi kuliko nilivyoacha mimi.

Nje, Lazaro kanivuta pembeni. Kasema nimeona, na wewe umeona, lakini lami na vumbi ni tofauti, kreta tunakwenda polepole, utazoea. "Usijichome mwenyewe, kaka. Nimekusemea mimi."

Wageni wa Jumatatu ni familia. Watu sita. Wameandika kwamba bibi yao anaogopa kona.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimekwenda ofisini saa tatu. Nimeweka funguo zote mbili mezani. Nikamwambia bosi: mkono hausikii usukani, jana nilivuka mstari, wewe ulikuwa kwenye simu. Alidhani natania. Nikafumba macho nikamwambia aweke kitu kiganjani. Hakuweka. Alinitazama tu, akasema basi, fumbua, basi.

Lazaro alikuwa mlangoni. Kasema nimemvua nguo mbele ya bosi. Kasema mwezi mzima amezunguka akiwaambia watu. Yote ni kweli. Aliondoka bila kuaga.

Nimetembea mpaka nyumbani. Nimemwambia Mama Elia. Alikwenda kwenye mlango, akaondoa shati, akalikunja. Alichukua muda mrefu kulikunja. Nilikaa nikasubiri nisikie kitu kifuani. Hakikuja.

Jumatatu, 29 Septemba

Saa kumi na mbili na nusu magari yamepita barabara kuu. Nayajua kwa mngurumo. La kwanza la Lazaro. La tatu lilikuwa langu. Neema anachelewa kuingiza gia ya tatu kwenye kile kilima cha kwanza. Sekunde moja tu, ila anachelewa.

Nimelima bustani mpaka saa sita. Nimekuta malengelenge mkono wa kulia yameshapasuka.

Jumatano, 1 Oktoba

Neema kaja. Shikamoo, marahaba. Alikaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kufukuzwa. Kasema hajalala vizuri tangu Jumamosi, anaona kama kalichukua gari la mtu aliye hai. Nikamwambia ndivyo ilivyo, umelichukua, na mimi ni hai, sasa uliza unachotaka.

Akatoa daftari. Nimemweleza klachi inavyoshika juu. Breki ya nyuma kushoto inavyolia ikilowana na haina tatizo. Kile kilima cha kwanza. Tumekaa saa mbili na nusu. Sijaongea maneno mengi hivyo tangu mwezi wa pili. Alipoondoka nilikuwa na hasira, hasira kweli. Nikapiga teke debe la vifaa. Mguu unauma mpaka sasa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Neema aliomba ofisi nishuke naye mara moja, bila wageni, nimwonyeshe Seneto. Bosi karuhusu. Lazaro ndiye aliyeandika kibali. Hakuja kuniona, ila kaandika jina langu lote, na chini yake "dereva".

Nimekaa kiti cha kushoto. Sikujua mikono iwekwe wapi. Getini askari waliniamkia upande wa Neema kwa mazoea, wakacheka, wakazunguka.

Juu Seneto alisimama. Magari mawili ya kampuni yalikuwa nyuma yetu na wageni wao. Yakasimama pia. Neema akawapungia wapite. Hawakupita. Waliweka breki ya mkono, wakazima injini.

Tukashuka. Kona ya kwanza nilimtazama mikono. Wa kushoto ukaenda kwenye gia, wa kulia ukabaki umetulia kwenye usukani, umeshika, unajua. Kona ya pili vivyo hivyo. Kona ya tatu nikaacha kumtazama.

Nikageuza kichwa, nikaiona kreta. Ziwa lilikuwa jeupe upande mmoja. Kivuli cha wingu kilikuwa kinavuka majani, na chini yake nyumbu wanatembea msururu. Miaka ishirini na mbili nimeshuka njia hii nikitazama mita kumi za vumbi mbele ya boneti. Wageni nyuma yangu walikuwa wakisema aaa, na mimi nilidhani wanajua tu kushangaa.

Machozi yalinitoka. Niliyafuta kwa mkono wa kushoto. Neema akauliza kama gia iko sawa.

Nikamwambia iko sawa, endelea hivyohivyo.