Kilo za Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, karakana inakwenda, na naomba barua hii ikukute na afya njema. Baada ya hayo nikupe habari bila kupindapinda: ubao uliomnunulia Mama haupo tena. Tumeupoteza Jumapili asubuhi. Umekatika vipande viwili, na cha mbele kimekwenda na maji.

Kwanza nitoe dukuduku langu. Una dada anayechonga mbao za kupandia mawimbi. Sikupelekwa chuo na mtu. Nilianza kwa kuziba nyufa za mbao za wenzangu, na leo watu wanapanga foleni mlangoni kwangu. Halafu Mama anakuambia anatamani kupanda wimbi na sisi kama zamani, wewe unaagiza ubao dukani! Mganga hajigangi, sawa, lakini hata nduguze wasimwamini?

Hata hivyo nilipoufungua niliupitishia kiganja mwanzo hadi mwisho. Futi kumi na moja, mpana, mnene wa kutosha kubeba wawili. Ulichagua vizuri, sikufichi. Kilichonitia shaka ni vile vipande vya mpira vya kukanyagia, vilivyobandikwa tayari, cha Mama mbele na changu nyuma. Mwenye duka alivipangia nafasi kwa uzito uliompa: mimi kilo sabini na nane, Mama sabini na mbili. Nilimwambia Mama nivibandue tujaribu kwanza. Akakataa katakata. Alisema mwanawe kapima, na mimi niache wivu wa mafundi. Tukacheka, tukaingia majini.

Wimbi la tatu lilitubeba. Mama alisimama vizuri, magoti laini, akinigombeza nisimkumbatie kama gunia. Mara pua ya ubao ikaanza kupanda. Mbele palikuwa pepesi mno. Kabla sijawahi kusogea, ubao ulisimama kama ngazi, ukatumwaga, ukaenda kujipiga mwambani.

Nilimdaka Mama nikamtoa hadi mchangani. Mdogo wangu, mikono yangu inajua uzito kuliko mizani. Nilimbeba kama mtoto aliyelala. Zile kilo ulizopeleka dukani ni za Mama uliyemuaga miaka minne iliyopita. Wa sasa hafiki hamsini. Nami ninayelala naye nyumba moja, masweta yake mawili mawili yalikuwa yamenizuga.

Hapo hapo mchangani, akitetemeka, aliniambia. Ana uvimbe tumboni, na daktari amesema kuupasua hakutasaidia. Anajua tangu mwanzo wa mwaka. Aliniapisha nisikuambie, eti kitinda mimba wake ana kazi nyingi na moyo mwepesi. Kisha akasema kwamba alichotaka ni wewe uje. Aliona haya kukuomba, akataja mawimbi, nawe ukatuma ubao.

Kiapo nimekivunja. Kama kina laana, itanikuta nikifanya kazi.

Hakulaumu, na mimi hasira zimeniisha nikiandika. Zile namba ulizitoa kwa mapenzi. Zilikuwa zimechacha tu. Sasa nachonga ubao mwingine. Mawimbi yatakuwa mapole wiki mbili hizi, na daktari amemruhusu kuingia majini maadamu miguu bado inamshika. Sponji ngumu ya kuuchongea iko mezani. Nikichonga wa wawili, hautabeba watatu. Nikichonga wa watatu nawe usije, mimi na Mama hatutaweza kuugeuza. Siwezi kuchonga kwa kubahatisha, si kwa Mama.

Majirani wanakusalimu. Mama naye angekusalimu, ila hajui kama naandika. Kapumzika chumba cha pili, na kikohozi chake nakisikia ukutani.

Nipigie kabla ya Alhamisi saa sita mchana, ndipo naanza kukata. Usinisimulie ratiba, wala bosi wako alivyo. Niambie unakuja au huji. Na kama unakuja, panda kwenye mizani kwanza, leo hii, usinipe kilo za kukumbuka.

Ni mimi dada yako,
Msasa